Kuni Tani Mbili, Watu Mia Sita

Kila mwaka, usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa Mtakatifu Yohane, wenyeji wa San Pedro Manrique huvuka makaa ya moto miguu mitupu. Kijiji hicho kiko kaskazini mwa mkoa wa Soria nchini Hispania, na wakazi wake ni kama 600. Uwanja waliojengea sherehe hiyo, karibu na kikanisa cha Bikira wa Peña, unaweza kuchukua watazamaji 3,000. Ukijaa, wenyeji wote wakiwamo, kila mmoja wao amezungukwa na wageni wanne.

Gharama nyepesi kuihesabu ni ya kuni. Moto huo hula zaidi ya tani 2 za mwaloni. Tukikadiria senti 25 za euro kwa kilo, hizo ni euro 500, ambazo zikigawanywa kwa wakazi wote hazifiki euro moja kwa kichwa. Kuni huwashwa jioni. Kufikia saa sita usiku zimebaki makaa matupu, na watu wenye miti mirefu huyatandaza na kuyasawazisha. Watafiti waliowahi kupima joto la makaa hayo walipata nyuzi 677 za Selsiasi. Sufuria ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Mvukaji hapiti peke yake: kwa kawaida humbeba mtu mgongoni, mke, mtoto au rafiki. Haungui kwa sababu makaa ya mti na majivu yake hupitisha joto polepole, na unyayo hauyagusi kwa muda mrefu. Safari yote huchukua sekunde chache. Siri iko kwenye hatua yenyewe. Mguu ushuke wote kwa uzito, bila kusitasita, na kaa lisipate nafasi ya kunasa katikati ya vidole.

Mwaka 2011 watafiti hao walichapisha matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya watu 38 usiku huo: wavukaji 12, jamaa na marafiki zao 9, na wageni 17. Mioyo ya wavukaji na ya jamaa zao ilipanda na kushuka kwa pamoja, ingawa jamaa hao walikuwa wamekaa tu wakitazama. Ya wageni haikufuata. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha thamani kuliko vyote, maana kinaonyesha kwamba sherehe hii inasimama juu ya watu wanaojuana. Viti 3,000 vinaweza kujaa wageni, na bado pasiwe na hata mmoja wa kumbeba mwenzake.

Hapo ndipo gharama nzito ilipo. Kila mwaka, kwa ajili ya sherehe hii, kijiji huwapata kwa kura wasichana watatu wasioolewa, wanaoitwa Móndidas, wa kuvaa mavazi meupe na kubeba vikapu vilivyopambwa kichwani. Tufanye makisio. Katika watu 600, wanawake ni 300 hivi. Wenye umri wa miaka 18 hadi 30, tukisema ni mmoja kati ya kumi, ni 30. Kila mmoja akishika zamu mara moja tu, wote wamekwisha baada ya miaka kumi. Familia tano zenye mabinti zikihama, kura inayumba.

Na kuhama ndiyo historia ya mkoa huu. Mwaka 1950 Soria ilikuwa na watu wapatao 161,000. Leo ni kama 90,000, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Hispania nzima ina manispaa zaidi ya 8,100, na karibu 5,000 kati ya hizo zina watu chini ya 1,000 kila moja. Ukizijumlisha zote, hazifiki sehemu moja ya ishirini ya watu wa nchi hiyo.

Sarnago, kijiji jirani kilicho ndani ya manispaa hiyohiyo, kilibaki kitupu mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya serikali kununua ardhi katika eneo hilo ili kupanda misonobari. Mwaka 1980 waliotoka huko waliunda chama, wakaanza kutengeneza nyumba na njia kwa mikono yao. Sarnago nayo ina Móndidas wake. Sherehe yao hufanyika Agosti, kwa kuwa ndio mwezi wa likizo, wakati watoto na wajukuu wanapoweza kurudi kutoka mijini.

San Pedro Manrique haijafika huko, na sababu kubwa ni kiwanda cha kusindika nyama ya nguruwe kilichopo kijijini, kinachowapa watu mishahara mwaka mzima. Wanaopanga bajeti za kulinda urithi wangeanzia hapo. Kiwanda hicho kikifungwa, kuni zitaendelea kugharimu euro 500, na kura ya Móndidas itakosa majina kabla viti vya uwanja havijakosa wageni.