Kumwandaa Mwalimu Chipukizi wa Insha Chuoni

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kusoma somo la uandishi, hata kama amekuja kusomea kemia au uhandisi. Asili yake yatafutwa Harvard, ambako mtihani wa kuingia ulianza kudai insha mwaka 1874, na ambako kozi iliyoitwa English A iliwekwa katika mwaka wa kwanza wa masomo mnamo 1885. Insha zilikuwa nyingi, na maprofesa wachache walipenda kuzisahihisha. Hatimaye sehemu kubwa ya mzigo huo iliwaangukia wanafunzi wa shahada za juu, ambao katika vyuo vingi hufundisha ili walipiwe karo na kupata posho. Kijana aliyekuja kuchunguza mashairi ya kale hujikuta amekabidhiwa darasa zima.

Maandalizi yake huwa mafupi: siku chache kabla ya muhula kufunguliwa, kisha semina ya kila juma chini ya mwalimu mzoefu, na pengine kutembelewa darasani. Humo hufundishwa kupanga masomo, kuongoza mazungumzo, kushughulikia kazi zilizochelewa. Hayo hujifunzwa upesi. Lililo gumu ni kuisoma insha ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo semina nyingi hutumia zoezi moja: insha ileile hugawiwa kwa wote, kila mmoja huipa alama peke yake, kisha alama huwekwa wazi. Tofauti huwa kubwa kiasi cha kuaibisha, na hapo ndipo mjadala wenye faida huanza, kwa kuwa kila mmoja hulazimika kusema alichokuwa akikitafuta.

Nancy Sommers, katika makala yake ya mwaka 1982, alionyesha kwamba maoni mengi ya walimu pembezoni mwa insha yangeweza kubandikwa kwenye insha yoyote ile. Tena yalipingana: mwanafunzi huambiwa asahihishe mkato katika sentensi, na papo hapo aambiwe aiandike aya upya, ilhali sentensi yenyewe huenda isibaki.

Mina Shaughnessy alikuwa amekwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilipofungua milango yake mwaka 1970 kwa wote waliomaliza shule za sekondari za jiji, walikuja vijana ambao walimu wengi waliwaona hawafundishiki. Yeye alizichunguza insha zao zipatazo 4,000, na katika kitabu chake Errors and Expectations cha 1977 alithibitisha kwamba makosa yao yalikuwa na utaratibu na sababu. Mwalimu asiyeijua sababu hubaki na wino mwekundu tu.

Fundisho hilo lina nafasi hata Lubumbashi, ambako Kiswahili cha mitaani si kile cha vitabuni. Mwanafunzi aandikapo “kitabu yangu” au “batoto” hajakosa akili wala hakuandika ovyoovyo. Amefuata kanuni za lugha aliyokulia. Mwalimu msaidizi aliyeandaliwa vyema huorodhesha maumbo ya namna hiyo, huyapanga kwa jamii zake, na humwonyesha mwanafunzi mifumo miwili ikiwa sambamba. Asiyeandaliwa hupiga mstari chini ya kila neno, na kijana huondoka akiamini kwamba hajui lugha ya nyumbani kwao.

Bila shaka idadi ya wanafunzi ni kikwazo. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuoni cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1949, hupendekeza wanafunzi wasiozidi 20 kwa darasa, na hata huko pendekezo hilo halifuatwi kila mahali. Penye mamia ya wanafunzi ukumbini, hakuna awezaye kusoma kila insha kwa utulivu. Lakini walimu wasaidizi watano wanaweza kuketi pamoja alasiri moja, wakachagua insha kumi, wakaulizana kuhusu kila kosa: limetoka wapi?