Betri ya Akiba ya Gari la Mtoto Itengenezwe kwa Hadhari

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Katika jambo tutakalolieleza leo, twathubutu kusema kwamba kinga ipo, tena ni rahisi, na kila nyumba yaweza kuwa nayo.

Tangu zamani watoto wa Jinja na Mbale wamekuwa wakiunda magari ya waya na kuyaongoza kwa fimbo ndefu, na wangali wako wafanyao hivyo. Lakini siku hizi yameingia madukani magari ya plastiki yaendeshwayo kwa rimoti. Gari la namna hiyo hukimbia kwa muda mfupi, kisha betri huisha nguvu, na mtoto hubaki akitamani betri ya pili. Hapo ndipo ufundi uanzapo, na hapo ndipo hatari ianzapo.

Tulikwenda Mbale kumtembelea dada yetu. Mpwa wetu, kijana wa miaka 13, alikuwa ameitoa betri katika simu mbovu, akakata waya wa chaja ya simu, na kuziunga nyaya zake moja kwa moja na betri hiyo. Aliiweka juu ya godoro akaenda kucheza. Harufu kali ndiyo iliyotuita chumbani. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, inafuka moshi, na shuka imekwisha kushika moto. Tulichomoa chaja ukutani, tukaliburuta godoro hadi uani na kulimwagia maji mengi. Mdogo wake alikuwa amelala chumba cha pili.

Tulipomwuliza, kijana alijibu kwa adabu, "Mjomba, mbona chaja ni ya simu na betri ni ya simu?"

Swali hilo lilistahili jibu, wala si kiboko.

Betri nyingi za simu ni za lithiamu, ambazo kwa kawaida hujaa zifikapo volti 4.2. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Simu yenyewe ndiyo yenye mtambo mdogo wa kupima umeme uingiao, kuupunguza betri ikaribiapo kujaa, na kuukata ikiisha kujaa. Ni kweli kwamba betri nyingi za simu zina kinga yake ndogo, lakini hiyo ni ya dharura tu, na katika betri kuukuu yaweza kuwa imekufa. Kijana wetu alichukua betri akamwacha bawabu ndani ya simu.

Wakazi wa Jinja wataelewa upesi. Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, lina milango ipitishayo maji kwa kipimo. Maji ya juu ni ya Nile na maji ya chini ni ya Nile, lakini hakuna mwenye akili atakayeing'oa milango kwa sababu hiyo.

Je, kijana azuiwe kutengeneza betri ya akiba? La. Aongozwe kwenye njia iliyo salama zaidi, nayo ni ya betri za nikeli, zilizoandikwa herufi NiMH. Gari nyingi ndogo hutumia mawe manne ya ukubwa wa AA. Jiwe la kawaida lina volti 1.5, kwa hiyo manne hutoa volti 6. La nikeli lina volti 1.2, na manne hutoa volti 4.8. Huenda gari likapungua mwendo kidogo, lakini mawe hayo huchajiwa mara nyingi.

Kijana anunue kisanduku cha plastiki cha kupangia mawe manne, aunge nyaya zake na kiungio cha gari, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, kisha afunge viungo vyote kwa utepe wa umeme. Asilehemu juu ya jiwe lenyewe, kwa maana joto huliharibu. Mawe yote yawe ya aina moja, ujazo mmoja na umri mmoja.

Wakati wa kuchaji, mawe yatolewe kisandukuni na kutiwa katika chaja iliyotengenezwa kwa NiMH. Jiwe la miliampea-saa 2000, likichajiwa polepole kwa miliampea 200, huhitaji saa 14 hadi 16. Hapa pana mtego: chaja nyingine huhesabu saa tu, na umeme ukikatika na kurudi, huanza kuhesabu upya. Basi mtu mzima aandike saa ya kuanza na aichomoe kwa wakati wake. Jiwe likiwa vuguvugu si ajabu. Likiwa moto wa kuunguza mkono, chomoa mara moja. Mawe ya kawaida yasiyo ya kuchaji yasichajiwe kamwe, kwani huvuja au hupasuka.

Kuchaji kufanyike juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na godoro na pazia, na pasipo kulala usingizi. Gari lililokuja na betri ya lithiamu litafutiwe betri ya akiba iliyo kamili, yenye kinga na volti zile zile, na lichajiwe kwa chaja yake tu. Iliyovimba au kutobolewa isitumike, wala isitupwe katika takataka zichomwazo moto.

Kabla ya kuondoka Mbale tuliketi uani na mpwa wetu, tukapanga mawe manne. Gari lilikimbia, mdogo wake akilifukuza kwa vicheko. Ewe mzazi, mwanao akiomba betri ya pili usimfukuze. Keti naye, mfanye kazi hiyo pamoja, na chaja iwekwe mahali ambapo wewe mwenyewe waiona.