Fahamu: Cheti cha AGPO ni bure, shida iko kwenye malipo

Nchini Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inazitaka taasisi za serikali kutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wao. Ili kushindania fungu hilo unahitaji cheti cha AGPO (mpango wa kufungulia makundi haya zabuni za serikali) kutoka Hazina ya Kitaifa, na kukipata si kazi ngumu: kwa kundi la wanawake, angalau asilimia 70 ya umiliki iwe yao na uongozi wote uwe wao, kisha uwasilishe mtandaoni kitambulisho, usajili wa biashara, cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, na, kwa kampuni, CR12, hati inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa. Anayekudai hela ya chai anakuibia.

Wapo wanaosema mgao huu unashusha ubora. Hoja hiyo haina mashiko, kwa kuwa wenye cheti bado wanashindana wao kwa wao kwa bei na vigezo vya zabuni. Zito zaidi ni dai la wanaume kujificha nyuma ya majina ya wake zao. Kweli, CR12 humtaja mkurugenzi, haisemi nani anashika hela. Dawa yake ni ukaguzi, si kufuta mgao. Lakini kinachowaumiza hasa wenye cheti ni malipo kuchelewa. Mama aliyepata LPO (hati ya agizo la ununuzi) ya sare za hospitali hununua kitambaa na kulipa mafundi kwa mkopo, kisha ankara yake inajiunga na madeni yasiyolipwa ya kaunti huku riba ikipanda. Kampuni kubwa huweza kusubiri. Yeye hufunga duka. Kabla ya kuweka bei, mwenye cheti aulize wauzaji wa mwaka jana walilipwa lini.