Uchumi (somo la shule)

Uchumi ni somo linalochunguza jinsi watu, kampuni na serikali wanavyogawa rasilimali ambazo hazitoshi mahitaji yote. Nchini Tanzania kwa muda mrefu limefundishwa katika kidato cha tano na cha sita. Kabla ya hapo wanafunzi waliokaribia mada zake ni hasa wale waliosoma biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu. Hivyo wengi huchagua uchumi, au huuacha, bila kuwahi kuusoma.

Tahasusi

Tahasusi zinazojulikana zaidi ni EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Herufi hizo zinatokana na majina ya masomo kwa Kiingereza.

Tofauti kubwa kati yake ni hisabati. Mwanafunzi wa EGM husoma hisabati ya juu kama somo kamili. Wa HGE na ECA kwa kawaida husoma hisabati tumizi kama somo la nyongeza. Anayechagua HGE ili kuikwepa hisabati hukutana nayo tena chuoni, kwa sababu shahada ya uchumi ina kalkulasi, takwimu na ekonometria, yaani kupima nadharia kwa kutumia takwimu. Kusema kwamba bei ya unga ikipanda watu hununua kidogo ni rahisi. Kazi ya mchumi ni kukadiria wanapunguza kiasi gani, na kutenganisha athari ya bei na ile ya kipato.

Chuo na kazi

Uchumi hufundishwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma na Mzumbe, miongoni mwa vingine. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina uchumi wa kilimo. Masharti ya kujiunga hutofautiana, na huorodheshwa katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akawa gavana wa Benki Kuu (2008–2018). Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alisoma uchumi Makerere na London. Njia iliyo ya kawaida zaidi ni ya mchumi wa halmashauri, anayeandaa mipango na bajeti ya wilaya. Wengine huajiriwa na benki, mashirika ya utafiti au Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Uhasibu ni taaluma nyingine, yenye mitihani yake ya bodi, ingawa mara nyingi huchanganywa na uchumi.