Video Nzito, Bando Jepesi
Vijana wa kundi la muziki la Ethic kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, walipotoa wimbo "Lamba Lolo" mwaka 2018, video yao ilienea simu hadi simu bila mtazamaji kujiuliza faili yake iliundwaje. YouTube ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo. Kila video inayopakiwa pale hugeuzwa kuwa nakala kadhaa za ubora tofauti, na kila simu ikapewa ile inayoiweza. Lakini kanisa la Buruburu au kikundi cha vijana wa Dandora wakiweka video kwenye tovuti yao wenyewe, mara nyingi hakuna wa kuwageuzia. Faili hupandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, na mtazamaji wa Kayole ndiye anayelipia kwa bando lake.

Tufanye hesabu. iPhone ikirekodi kwa 4K, fremu 30 kwa sekunde, katika mtindo wa HEVC, hula takriban megabaiti 170 kwa dakika. Sherehe ya dakika 10 ni gigabaiti 1.7. Ishushe hadi mistari 720 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na dakika hizo 10 zitakuwa megabaiti 150 hivi. Kwenye kioo cha simu, wengi hawataona tofauti.

Chombo cha kazi hii ni FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe vya kubonyeza, unaiandikia amri:

ffmpeg -i sherehe.mov -c:v libx264 -crf 23 -vf scale=-2:720 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart sherehe.mp4

Libx264 huibana picha kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho karibu kila simu na kivinjari hukifahamu. Namba ya crf huanzia 0 hadi 51: ukiipandisha, faili hupungua na picha hufifia. Anza na 23. Video iliyopigwa simu ikiwa wima, andika scale=720:-2, la sivyo itatoka nyembamba mno. Nayo yuv420p huondoa mpangilio wa rangi wa kamera za kitaalamu ambao vivinjari vingi hukataa kuuonyesha.

Neno ambalo wengi hulisahau ni faststart, nami naliona la thamani kuliko yote. Ndani ya MP4 mna faharasa iitwayo moov, inayoonyesha kila fremu iko wapi. Kwa kuwa haikamiliki hadi video yote iandikwe, kwa kawaida huwekwa mwisho wa faili. Kivinjari hakiwezi kuanza bila faharasa hiyo, kwa hiyo hulazimika kuitafuta mwishoni, na seva isiporuhusu kuruka moja kwa moja hadi huko, video yote hushushwa kwanza. Faststart huihamishia mbele, na picha huanza kucheza huku sehemu iliyobaki ikiendelea kuja.

Kuna wanaobadilisha tu jina, .mov ikawa .mp4, wakadhani wamemaliza. Kuandika "mchele" juu ya gunia la maharagwe hakubadilishi kilichomo. Kagua kwanza kwa ffprobe, chombo kinachoonyesha kilichomo ndani ya faili. Ukikuta ndani tayari mna picha ya H.264 na sauti ya AAC, na ukubwa wa faili unakuridhisha, huna haja ya kubana upya:

ffmpeg -i sherehe.mov -c copy -movflags +faststart sherehe.mp4

Hiyo mara nyingi humalizika kwa sekunde chache, na ubora haupungui hata kidogo.

Faili asili usiifute. Kila ubanaji hupoteza kitu, na ukibana nakala iliyokwisha kubanwa unapoteza zaidi. Iweke kwenye diski, tovuti ipewe nakala.

Nanyi mnaosimamia tovuti za mitaa yetu, kabla ya kutangaza video mpya, ifungueni kwa simu ya bei nafuu inayotumia bando, WiFi ya ofisini ikiwa imezimwa.