'Fine': Neno lililozaa sifa, adhabu na fedha

Mtoto wa darasa la kwanza nchini Kenya hulifahamu neno la Kiingereza 'fine' kabla hajajua kuliandika jina lake vyema. Mwalimu aingiapo na kuwajulia hali wanafunzi, darasa zima husimama na kuitikia kwa sauti moja kwamba wote wako 'fine'. Miaka ikisonga, na mtoto yuyo huyo akawa kondakta wa matatu aliyefikishwa kortini kwa kubeba abiria kupita kiasi, atakutana na neno hilo tena. Safari hii halitakuwa salamu.

Kiswahili kililitwaa neno hili kwa upande wa adhabu pekee, likawa faini. Upande wa sifa uliachwa, pengine kwa sababu Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya namna hiyo: nzuri, safi, bora, njema na mengineyo yalikuwepo tayari. Matokeo yake ni kwamba wengi hudhani Kiingereza kina maneno mawili yasiyohusiana ambayo yamegongana tu katika tahajia, kama vile Kiswahili kilivyo na kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako. Dhana hiyo si sahihi. Sifa na adhabu, katika neno hili, ni watoto wa baba mmoja.

Baba huyo ni neno la Kilatini 'finis', lenye maana ya mwisho au mpaka. Swali linalozuka ni jinsi mwisho ulivyogeuka kuwa uzuri, na jibu lake halimtatizi Mswahili hata kidogo. Kutokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutia muhuri na kumaliza, Kiswahili kina hatima, yaani mwisho wa jambo. Kina hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Na kina kuhitimu. Mhitimu ni mtu aliyefika mwisho wa masomo, lakini hakuna anayemtaja kama mtu aliyekwisha. Anatajwa kwa heshima, kwa kuwa kufika mwisho ni kukamilika.

Mkondo wa fikra ni ule ule katika Kifaransa cha kale. Kitu kilichoitwa 'fin' kilikuwa kimefikishwa upeo wa ubora, kisichohitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na lugha yao, na kufikia karne ya 13 neno hilo lilikuwa limeingia katika Kiingereza.

Dhahabu 'fine' ni dhahabu isiyo na mchanganyiko, na hadi leo masonara hupima usafi wake kwa sehemu katika elfu moja: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu halisi. Kitenzi 'refine', kusafisha, kilitoka hapo, na ndicho kilichokuwa katika jina la Kiingereza la kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Uzi ulio bora ni mwembamba, na unga uliosagwa vizuri ni laini. Basi neno likachukua na maana ya wembamba na ulaini. Fundi wa nyumba akiagizwa mchanga 'fine' kwa ajili ya lipu, haambiwi atafute mchanga mzuri. Anaambiwa auchekeche.

Hapo ndipo wafasiri wa pupa hukwama. 'Fine print' katika mkataba wa mkopo si maandishi mazuri. Ni yale madogo madogo yaliyosukumwa chini ya ukurasa, ambamo riba na masharti mazito hujificha, nayo kwa mkopaji huwa nadra kuwa mazuri.

Upande wa adhabu una historia ndefu zaidi. Katika Uingereza ya enzi za kati, 'fine' haikuwa adhabu bali mapatano. Watu wawili waliokuwa wakizozania ardhi walifika mbele ya majaji wa mfalme, wakasikizana, na sikizano hilo likaitwa mwisho wa kesi. Mara nyingi hata kesi yenyewe ilikuwa ya kubuni: mnunuzi alimshtaki muuzaji, muuzaji akakiri kwamba shamba ni la mwenzake, na ununuzi ukapata muhuri wa mahakama. Msomaji wa Kenya, nchi ambamo ploti moja huweza kuibuka na hatimiliki mbili, hahitaji kuelezwa kwa nini watu walikubali usumbufu huo.

Kuanzia mwaka 1195, mapatano hayo yaliandikwa mara tatu katika kipande kimoja cha ngozi, kisha kikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ulichukua sehemu yake, na ile ya chini, iliyoitwa mguu, ikahifadhiwa katika hazina ya mfalme. Aliyeghushi alijulikana mara tu sehemu zilipokutanishwa na mawimbi yakakataa kulingana. Utaratibu huo ulidumu hadi ulipofutwa kwa sheria ya mwaka 1833, na miguu hiyo ingali katika hifadhi ya taifa mjini London.

Fedha zilitolewa vilevile kwa mfalme ili kulimaliza jambo au kupata hisani yake. Zama za Mfalme John, wajane walilipa 'fine' wasije wakalazimishwa kuolewa tena. Malipo ya adhabu yalikuwa na jina lake jingine, 'amercement', yaani kuwa chini ya huruma ya mfalme. Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 uliyataja yote mawili, na kuagiza kwamba malipo ya adhabu yalingane na uzito wa kosa, mfanyabiashara asipokonywe bidhaa zake wala mkulima nyenzo zake za kilimo.

Baadaye mipaka ilififia. Lile jina la hiari likavishwa jambo la lazima, na katika karne ya 16 'fine' ikawa na maana ya adhabu. Ajabu ni kwamba Wafaransa, waliolitoa neno lenyewe, huiita adhabu hiyo 'amende'.

Kivuli cha ule mwisho wa kale hakijatoweka katika mahakama za Kenya. Kila siku magazeti huripoti mshtakiwa aliyetozwa kiasi fulani cha fedha ama atumikie kifungo cha miezi fulani jela. Mwenye nacho hulipa akaenda zake, kesi ikawa imekwisha siku hiyo hiyo. Kwa asiye nacho, mwisho huo huahirishwa. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba pale sheria isipotaja kiwango, faini haina kikomo, ila isiwe ya kupita kiasi. Neno lililozaliwa na mpaka limeachwa hapo bila mpaka, na kipimo kimo mikononi mwa hakimu.

Jamaa wa neno hili ni wengi. 'Finance' lilitokana na kitenzi cha Kifaransa cha kumaliza deni au kulipa fidia ya mateka, ingawa Wakenya walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, ulioitwa kwa jina hilo kwa Kiingereza, hawakuona dalili ya deni kumalizika. Mwingine ni fainali, aliyeingia Kiswahili kupitia viwanja vya michezo. Mashabiki waliojaa Kasarani Agosti 2025 kuitazama Morocco ikiilaza Madagascar 3-2 katika fainali ya CHAN walikuwa wakilitamka neno la ukoo mmoja na faini anayotozwa kondakta.

Kuna matumizi mengine ambayo kamusi huyapitia haraka. Mke na mume wa Kiingereza wakizozana hadi mmoja achoke, husema 'fine' kwa mkato na kugeuka. Hasemi kwamba mambo ni mazuri, wala hatozi mtu faini. Mswahili katika hali hiyo angesema, "Basi."