Kebo moja yaweza kuirudisha hospitali kwenye karatasi

Novemba 13, 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, Marekani, ulikwama. Kwa muda wa siku nne hivi wauguzi na madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi. Hapakuwa na mdukuzi wala virusi. Swichi zilikuwa zimeungwa kwa mlolongo mrefu kupita kiasi, na mzigo mkubwa wa data ulipoingia, data hizo zikaanza kuzunguka bila kukoma.

Kasongo iko mbali na Boston, lakini jambo hili linaihusu. Mradi wa afya ulioanza hapa mwaka 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ulisaidia kujenga wazo la eneo la afya linalotumika leo katika nchi nyingi. Wakati ule hesabu ziliandikwa daftarini. Siku hizi takwimu za maeneo ya afya ya Kongo huingizwa katika DHIS2, kwa kompyuta, na ofisi yenye swichi mbili tayari inaweza kupata kitanzi.

Kitanzi hutokea hivi: mtu anaona kebo imelegea, anaichomeka kwenye tundu lolote lililo wazi, kumbe upande wake wa pili umo katika swichi ileile. Ujumbe wa kwenda kwa wote unazunguka, unazaliana, na taa zote zinawaka kama za harusi. Kwa sekunde chache tu mtandao umekufa.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, aliyekuwa kampuni ya Digital Equipment. Inaitwa spaningi trii: swichi huulizana, huchagua moja kuwa mzizi, kisha hufunga njia ya ziada mpaka itakapohitajika. Kila swichi hutoka kiwandani na namba ya kipaumbele 32768, na yenye namba ndogo ndiyo hushinda. Zikilingana, anwani ndogo ya kiwandani huamua, na mara nyingi hiyo ni ya swichi kuukuu kuliko zote. Afadhali fundi aipe swichi bora 4096 mwenyewe.

Kuna usumbufu mmoja. Umeme ukirudi, na kwa wanaotegemea sola na jenereta hurudi mara nyingi, spaningi trii ya zamani huweka kila tundu kwenye kungoja sekunde 30. Kompyuta inaomba anwani, haijibiwi, inajipa yenyewe inayoanza na 169.254, na mfanyakazi anadhani mashine imeharibika. Kwa matundu ya kompyuta na printa, washa PortFast, pamoja na kinga ya BPDU inayofunga tundu mtu akichomeka swichi nyingine hapo. Usiiwashe PortFast kati ya swichi na swichi: hapo unakaribisha kitanzi kilekile.

Swichi nyingi ndogo za bei rahisi hazina spaningi trii kabisa. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye boksi namba 802.1w, ni toleo la mwaka 2001, na halingoji sekunde 30 hizo pale swichi zinapoelewana.